Kiki Haina Kosa

Ukikatiza Majengo au Sabasaba hapa Dodoma huku unasukuma BSA au Triumph ya miaka ya hamsini, ushauri utakufikia kabla hujauomba. Kijana wa bodaboda atashuka, atainama, atausukuma mkono wa kiki kwa ncha ya kandambili, kisha atatoa hukumu. Mwenzake atampinga. Muuza maji naye ana lake, kwa kuwa baba yake mdogo aliwahi kuwa na moja ya namna hiyo kule Mpwapwa. Muda si mrefu mgonjwa ana madaktari tele, na hakuna hata mmoja aliyefungua kifuniko.

Sina ugomvi na mafundi wetu. Boxer, TVS na pikipiki za Kichina wanazifungua na kuzifunga usiku kwa tochi ya simu, abiria akisubiri pembeni, na asubuhi chombo kiko barabarani. Shida ni kwamba ujuzi huo unahamishwa mzimamzima kwenda kwenye mashine iliyobuniwa kwa fikra nyingine kabisa. Mengi yanayosemwa vijiweni kuhusu kiki ni kweli kwa Boxer na si kweli kwa BSA. Na karibu yote yanaushitaki mkono wa kiki, ambao ni kile kipande cha nje tu kinachoonekana. Makosa mengi yako ndani, na yana namna yake ya kujulisha yako wapi.

"Kiki inateleza, basi mkono umekwisha. Uchomelewe."

Hili ndilo dai linaloniudhi kuliko mengine, kwa sababu dawa yake haina kurudi nyuma. Kwenye Boxer, mkono wa kiki una meno ya ndani yanayoshika meno ya shafti. Yakiliwa, mkono unazunguka bure, na fundi mwenye haraka anapiga moto mkono na shafti viwe kitu kimoja. Hata kwa Boxer ni kazi ya aibu, lakini shafti yake inapatikana kila duka la spea, kwa hiyo hasara inabebeka.

Kwenye Triumph na BSA nyingi mambo si hayo. Mkono umevaa shafti na kushikwa na kotapini, yaani pini yenye ubavu mmoja uliosawazishwa kwa mshazari, ile ile ya mapedeli ya baiskeli za zamani ila kubwa na ngumu zaidi. Shafti inaingia giaboksi kupitia kifuniko cha kulia. Ndani imebeba gia isiyo duara kamili, sehemu tu ya duara yenye meno. Tuiite gia ya robo. Gia ya robo inasukuma gia ndogo iliyo kwenye shafti kuu ya giaboksi. Gia ndogo inashikana na shafti hiyo kwa racheti, meno yaliyoinama upande mmoja ili ishike ukikanyaga na iachie injini ikiwaka. Kutoka hapo nguvu ya mguu wako inavuka giaboksi hadi upande wa kushoto, inapita kwenye klachi, inashika cheni ya ndani, ndipo inafika kwenye krenki na kuinua pistoni.

Ihesabu safari hiyo, kisha jiulize kuteleza kunaweza kutokea wapi. Kuna mahali patatu hasa, na kila mahali pana dalili yake.

Pa kwanza ni kotapini. Shika mkono wa kiki kwa mkono wako, utikise juu na chini taratibu, macho yakiwa kwenye ncha ya shafti. Mkono ukicheza huku ncha ya shafti imetulia, huna haja ya kufungua giaboksi. Chomoa pini uitazame ubavu wake uliosawazishwa. Iliyokuwa ikikaa vizuri ina rangi moja ya chuma kilichofifia kutoka mwanzo hadi mwisho. Iliyokuwa inacheza ina ngazi katikati, alama inayong'aa upana wa ukucha, mahali ukingo wa shafti ulipokuwa unaitafuna kila ukikanyaga. Hiyo ndiyo iliyokuwa inakupa lile pengo la inchi mbili kabla kiki haijashika. Pini mpya inapigwa tupa kidogo kidogo hadi ubavu wake ulale sawasawa juu ya shafti, kisha inagongwa kwa nyundo huku mtu ameweka chuma kizito upande wa pili kupokea pigo. Nati inakuja mwisho, kuizuia tu isirudi. Anayetumia nati kuivuta pini iingie anakata nyuzi zake, na kesho yake mkono unacheza tena.

Kazi hii, niseme ukweli, mafundi wa baiskeli wanaiweza kuliko mafundi wa bodaboda. Mzee aliyekaa miaka chini ya mwembe akifunga mapedeli ya Phoenix hahitaji kuelezwa kotapini ni nini. Ila usimruhusu akuwekee ya baiskeli yenyewe. Chuma chake ni laini na haitadumu.

Mahali pa pili ni racheti, pa tatu ni klachi, na watu wengi wanavichanganya kwa sababu mguu unahisi karibu vilevile. Kuna njia ya kuvitenganisha bila kufungua nati hata moja. Chomoa waya wa plagi. Ingiza gia ya juu kabisa. Mwombe mtu akalie pikipiki na kukanyaga breki ya nyuma kwa nguvu. Sasa sukuma mkono wa kiki kwa kiganja, au kwa mguu bila kuurukia. Shafti kuu imefungwa na gurudumu la nyuma, haiwezi kuzunguka. Kama mkono umegota na kukataa katakata, basi kotapini, gia ya robo na racheti vyote vimeshika, na kinachokutelezea siku zote ni klachi. Kama mkono umeshuka huku ukikwaruza, "krrr", racheti imelika. Kama umeshuka kimya kwa sehemu fulani tu ya safari yake kisha ukashika, gia ya robo imepoteza meno mahali hapo.

Ikibainika ni klachi, anza na cha bei rahisi. Waya wa klachi uwe na uchezaji kidogo kwenye usukani. Ukikazwa mno, unabaki umeiachia klachi nusu muda wote, na kiki ndiyo ya kwanza kuonyesha. Halafu uliza ndani ya kifuniko cha kushoto mna oili gani. Oili ya kisasa ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano haifai kwa pleti zinazooga oili. Baada ya hapo ndipo uguse springi za klachi, ambazo nati zake lazima zikazwe kwa usawa ili sahani ya nje ijinyanyue wima, isilale upande.

Ikiwa ni racheti, nenda na subira. Pande mbili za racheti zimezoeana, hubadilishwa pamoja. Na kabla hujaagiza mpya, kagua nati iliyo mwisho wa shafti kuu, maana ikilegea racheti haikazwi vizuri na inaruka hata kama meno yake ni mazima. Fundi mzuri wa mashine ya kukereza, nao Dodoma wapo, anaweza kukuchongea bushi na hata kotapini. Racheti asikuchongee. Chuma chake kinapaswa kuwa kigumu juu na kisichovunjika ndani, na bila kukipitisha kwenye moto kwa vipimo sahihi kitakwisha ndani ya miezi michache. Uingereza bado kuna wanaotengeneza spea hizi, na mzigo wenyewe ni mdogo, unaingia mfukoni mwa mgeni anayekuja likizo.

Sasa rudi kwa yule aliyechomelea. Ameunganisha mkono na shafti, kwa hiyo shafti haitoki tena kwenye kifuniko bila msumeno. Gia ya robo haibadilishiki, bushi haibadilishiki, springi ya kurudisha mkono haibadilishiki. Moto umelainisha shafti na kuunguza mpira unaozuia oili. Na kama ugonjwa ulikuwa klachi, kiki bado inateleza.

Wenye Norton, pamoja na AJS na Matchless zilizotumia giaboksi ya aina hiyo hiyo, wajue kwamba kwao hakuna gia ya robo. Shafti ya kiki imebeba kijino kinachochomoza na kushika ndani ya gia ya kwanza ya shafti ya chini. Kijino kikiwa butu, kiki inateleza. Kipimo cha gia ya juu na breki kinafanya kazi kwao pia.

"Vuta klachi kwanza, ndipo upige kiki."

Kijana aliyejifunza kwenye pikipiki ya leo hawezi kuacha tabia hii, na huwezi kumlaumu. Pikipiki nyingi za Kihindi na Kichina zinafuata muundo wa Kijapani, ambao kiki inazungusha lile dramu la nje la klachi, lililounganishwa moja kwa moja na injini. Ukizimikiwa kwenye mataa ukiwa gia ya pili, unavuta klachi, unapiga, unaondoka.

Kwa Mwingereza kiki inaingilia upande wa pili wa klachi. Nguvu lazima ivuke klachi ndiyo ifike kwenye injini. Ukivuta klachi umekata daraja. Mkono wa kiki unashuka laini, bila uzito, pistoni haijasogea hata nywele. Nimeshuhudia mazungumzo haya mbele ya gereji moja ya hapa mjini.

"Mzee, hii kiki imekufa. Haina nguvu kabisa."

"Mwanangu, hebu achia klachi."

"Nikiachia si itaruka?"

"Iko nyutro, mwanangu. Achia, upige."

Ikawaka, ingawa si kwa pigo la kwanza. Yule kijana alicheka, lakini fikiria kama mwenye mali asingekuwepo. Giaboksi nzima ingefunguliwa kutafuta ugonjwa usiokuwepo.

Dai hili hata hivyo lina punje ya ukweli ndani yake, na ni punje inayofaa kwa uchunguzi. Pikipiki ikilala usiku kucha, pleti za klachi hugandana kwa oili. Asubuhi, kabla ya kuwasha, unavuta klachi na kukanyaga kiki mara kadhaa ili ziachane. Usipofanya hivyo, utaingiza gia ya kwanza na kusikia kishindo. Wakati unafanya hivyo, sikiliza mguu. Klachi ikiwa imevutwa mkono unapaswa kushuka mwepesi. Ukihisi bado unainua pistoni, pleti hazijaachana, au waya umerefuka. Ukitaka kujua hali ya klachi bila kuifungua, kiki ya asubuhi inakuambia bure.

"Kiki nzito ni dalili ya injini nzima. Na Dodoma iko juu, ndiyo maana nzito zaidi."

Madai mawili kwa pamoja, nianze na la pili kwa kuwa ni jepesi. Dodoma iko mita kama 1,120 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni pungufu ya ile ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 12. Hewa ikiwa nyepesi, silinda inameza kidogo, na kuna kidogo cha kugandamizwa. Kiki ya Dodoma inapaswa kuwa nyepesi kwa kiasi fulani kuliko ya Dar. Kinachoharibika huku juu ni mchanganyiko: kabureta iliyopimwa pwani inamwaga petroli nyingi kuliko hewa inayoingia, plagi inaloa, na unapiga kiki nyingi bila jibu. Hapo utachoka wewe, na kuchoka kwako kunaweza kukudanganya kwamba kiki imekuwa nzito.

Dai la kwanza linahitaji maneno zaidi. Kweli, injini yenye pistoni na vali nzima inasukuma mguu. Lakini inasukuma mahali pamoja, pistoni inapokaribia juu, kisha inaachia. Huo ni uzito wenye mwanzo na mwisho. Uzito unaoanza mkono unapoondoka tu na kuendelea sawasawa hadi chini hautoki kwenye kompresheni.

Mara nyingi ni oili iliyohama. Pikipiki hizi zinaweka oili kwenye tangi lake pembeni, nje ya injini. Pampu inaisukuma kuingia na kuirudisha. Chombo kikisimama wiki kadhaa, kama zinavyosimama nyingi kati ya hizi kusubiri sikukuu, oili hupenya taratibu kwenye pampu na kushuka hadi chini ya krenki. Tangi linaonekana tupu, mwenye nalo anaongeza oili mpya, na sasa injini imezama. Krenki inapozunguka inalazimika kuisukuma yote ile. Baridi ya asubuhi za Juni na Julai inaifanya iwe nzito zaidi. Ukifanikiwa kuwasha, mtaa mzima unajaa moshi, na shinikizo linatafuta sili dhaifu ya kupasua. Kwa hiyo kabla ya kupigana na kiki nzito, chungulia tangi la oili. Likiwa chini kuliko ulivyoliacha, weka beseni, fungua nati ya chini ya injini, imwage, uichuje na kuirudisha inakostahili.

"Ikikurudishia kiki, usiogope. Piga kwa nguvu zaidi."

Hapa sitanii. BSA M20 ina silinda moja ya cc 496, na ikiamua kurudi, inarudi na kifundo chako cha mguu. Meno ya gia ya robo nayo hayakuundwa kupokea pigo la kurudi. Mengi yaliyokatika yalikatikia hapo, siku ambayo mwenye pikipiki alidhani anashindana na mnyama mkaidi.

Kurudisha kiki maana yake moto umewaka mapema mno, pistoni ikiwa bado inapanda. Kwenye M20 kuna kiwiko kwenye usukani cha kuwahisha na kuchelewesha moto. Kikiachwa mbele kabisa kama wakati wa mwendo kasi, utapigwa. Kirudishwe nyuma kabla ya kukanyaga. Pikipiki za baadaye, kama Triumph T120, zinafanya hivyo zenyewe kwa vipande viwili vya chuma nyuma ya platini vinavyotanuka injini ikizunguka kwa kasi na kurudi ikipoa mwendo. Springi zake zikichoka, au kutu ikivikamata vikiwa vimetanuka, injini inawashwa ikiwa kwenye kipimo cha mwendo kasi, karibu digrii 38 kabla ya pistoni kufika juu. Hakuna nguvu ya paja itakayorekebisha hilo. Unafungua kifuniko cha platini na kuzungusha kwa vidole kile kikemu kinachozifungua platini. Kinapaswa kwenda na kurudi chenyewe. Kisiporudi, umempata mshitakiwa.

Na kuna namna ya kukanyaga. Kwa silinda moja, shusha kiki taratibu hadi ikatae, pistoni ikiwa juu. Bana kile kiwiko kidogo cha kuinua vali ya ekzosi, isogeze pistoni ivuke kilele kidogo tu, achia kiwiko, rudisha mkono wa kiki juu kabisa. Kisha pigo moja refu hadi chini, goti likiwa limekunjwa kidogo. Pigo fupi la hasira linaishia pistoni ikiwa katikati ya kupanda, na hapo ndipo inaporudi. Wazee waliozoea mashine hizi hawana misuli ya ajabu. Hawaanzi popote, wanaanza mahali sahihi.

"Mkono ukigoma juu, urukie."

Usiurukie. Jino la kwanza la gia ya robo limekutana uso kwa uso na jino la gia ndogo, ncha kwa ncha. Achia mkono urudi juu, ingiza gia, isogeze pikipiki mbele kidogo, toa gia, ukanyage tena. Ikigoma mara moja kwa mwezi ni bahati mbaya ya meno. Ikigoma kila siku, jino la kwanza limepinda au limemeguka, na ulirukie au usilirukie, litakwenda na wenzake.

"Mkono usiporudi juu, ufungie mpira wa tyubu."

Springi imekatika, au imechomoka kwenye kishikizo chake. Mpira wa tyubu utauvuta mkono juu, sawa, lakini mpira ukichoka gia ya robo inabaki ikigusa gia ndogo huku injini inaunguruma. Springi ni kitu kidogo. Ibadilishe siku unayofungua kifuniko kwa sababu nyingine yoyote, hata kama haijakatika, maana kazi ni ile ile.

"Spana za milimita zinatosha."

Zinatosha kuharibu. Nati nyingi za pikipiki hizi ni za kipimo cha Whitworth, ambacho hakikubaliani na milimita wala na inchi za Kimarekani. Spana ya Whitworth ya robo inchi ina mdomo wa milimita 13.3. Namba 13 haiingii, namba 14 inaingia na kuzunguka, na pembe za nati zinabaki mviringo. Nati ya kotapini ndiyo inayopata mateso hayo kwanza, kwa sababu ndiyo ya nje, kila mtu anaijaribu. Ukiona nati imeliwa pembe, usiamini kazi iliyofanywa ndani yake. Aliyekosa spana pengine alikosa na subira.

"Zilitengenezwa kwa lami ya kwao. Vumbi la huku haziliwezi."

Historia inakataa. Aprili 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer yaliingia Kondoa Irangi, na Julai mwaka huo huo yakateremka kuiteka Dodoma kutoka kwa Wajerumani. Katika vita hiyo Waafrika Kusini walikuwa na kikosi kizima cha waendesha pikipiki, na lami haikuwepo. M20 yenyewe ilitengenezwa zaidi ya laki moja wakati wa Vita Kuu ya Pili, ikapelekwa hadi jangwa la Afrika Kaskazini. Hazikubuniwa kwa ajili ya kuzunguka bustani.

Ila vumbi la nyanda hizi si la kudharauliwa. Waingereza waliokuja Kongwa mwaka 1947 kulima karanga waliona udongo wa huku ukila vyuma vya majembe yao kabla hata mavuno hayajaonekana, na mwaka 1951 mpango wao ukafa. Udongo huo huo ndio unaorushwa na gurudumu la mbele hadi kwenye shafti ya kiki. Pale shafti inapotoka kwenye kifuniko, oili kidogo ikivuja, vumbi jekundu linaganda na kuwa uji wa msasa. Kila kiki inausugua kwenye bushi. Baada ya misimu michache shafti inacheza juu na chini, gia ya robo inakaa mshazari, na meno yanashikana kwa ncha badala ya tumbo. Ndipo watu wanasema chuma cha Mwingereza hakifai.

Tiba yake inagharimu kitambaa na oringi. Futa shafti kila jioni uliyotembea kwenye vumbi. Usiipulizie oili ya nje ukidhani unailainisha, unalisha uji. Mpira wa kuzuia oili ukianza kuruhusu tone, badilisha kabla ya kiangazi, si baada.

"Kiki ya nini? Isukume tu iwake."

Kwenye mteremko, gia ya pili, klachi ikiachiwa ghafla, BSA inawaka kama pikipiki nyingine yoyote. Wapo wanaoishi hivyo miaka, wanajua kila mwinuko wa mtaa wao na kuegesha kwa hesabu. Kama kosa ni springi au kotapini, sina neno; sukuma hadi spea ifike.

Kama kiki iliacha kushika ghafla, kwa mlio wa kukatika, hapo kusukuma ni hatari. Jino lililokatika halikutoka nje. Liko ndani ya giaboksi, linaogelea kwenye oili pamoja na gia zinazozunguka kwa kasi. Likinaswa kati ya gia mbili ukiwa njiani kwenda Bahi, gurudumu la nyuma linafunga papo hapo, na barabara ile ina malori.

Imwage oili ya giaboksi kwenye beseni safi, ikiwa bado na joto. Pitisha sumaku ya spika mbovu chini ya beseni, uisogeze polepole hadi ukingoni, kisha tazama ilichokokota. Unga laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Kipande chenye pembe, hata kidogo kama punje ya mtama, ni jino. Ukikiona, kifuniko cha kulia kifunguliwe siku hiyo hiyo, vipande vihesabiwe na kupangwa kwenye mapengo ya gia ya robo hadi kila pengo lipate chake. Pengo likibaki tupu, endelea kutafuta kwenye giaboksi, na oili mpya isimiminwe bado.